Mzee Pyo na Maua ya Jumatano

Ukitaka kumjua Mzee Pyo Man-seok, mtazame miguuni kwanza. Miaka arobaini na mitatu alishona viatu vya ngozi kwa mkono kule Seongsu, mtaa wa mafundi viatu, na hata baada ya macho kumgomea na karakana kufungwa, viatu vyake mwenyewe aliving'arisha hivi kwamba paka wa kichochoro chetu walikuwa wakijitazamia humo kabla ya kwenda kuposa. Mwaka wa theluji kubwa nilimwona mmoja, mweusi, akinyoosha masharubu. Anayebisha aje tubishane.

Enzi za karakana, wakubwa walikuja na madereva wao, wakavua soksi mbele yake kama watoto wanaokwenda kuogeshwa. Yeye hainuki kwenye kigoda. Anashika unyayo, anaugeuza huku na huku, anasema, "Wewe unakanyagia nje. Una hasira." Mkubwa anajibu, "Ndiyo, fundi." Wakati wa kuondoka, wao ndio walioinama.

Alipofika miaka sabini na mbili tukamwona anatoka tena kila asubuhi. Suti ya kijivu, tai, mkoba wa ngozi begani, huyo anashuka kwenda kituo cha treni cha Sindang. Mkewe, Mama Eun-hui, ndiye aliyetupa habari: kampuni moja ya viatu imemwita awe mshauri. Neno "mshauri" lilipita mtaani kwetu kama sinia la pilau harusini, kila mtu akataka kulishika. Binti yao Eun-hui, aliyeolewa Busan kwenye ukoo wa walimu watupu, akawaambia wakwe zake, nao wakawaambia wakwe zao. Mama Eun-hui ana magoti yaliyoliwa na baridi yabisi, lakini kila jioni alikaa sakafuni, mguu mmoja ameunyoosha, akipiga pasi shati jeupe la mshauri.

Mimi ni jirani yao, ukuta kwa ukuta. Jina nililopewa nikizaliwa limeshapotea, naitwa Mama Dong-cheol. Shule niliiona kwa nje, nikipita na mzigo wa kuni kichwani. Nilichopewa badala yake ni ulimi, na ulimi hauna mfupa. Kila adhuhuri tunakutana kwenye baraza ya wazee, chumba chenye sakafu ya joto nyuma ya ofisi ya mtaa. Tunacheza karata, tunamenya vitunguu saumu, na siku hizo wenzangu walikuwa wakiningoja mimi. Nikiingia tu, wanasogea kunipa nafasi katikati. "Mama Dong-cheol, leo umetuletea nini?" Aliyewahi kungojwa hivyo atanielewa. Asiyewahi, basi anihukumu, ni haki yake.

Agosti ya mwaka wa pili wa ushauri huo joto lilikuwa la kukaanga yai juu ya kipara cha mwenyekiti wetu, Mzee Cheon. Sisi tuliopita miaka sitini na tano reli ya chini ya ardhi ni bure, na njia yake ya kijani ni ya mviringo: unapanda Sindang, unauzunguka mji, unarudi Sindang, kiyoyozi kinakupuliza kama mtoto wa mfalme. Hata asiyejua kusoma hapotei humo. Siku moja nilisinzia nikazunguka mara saba, niliposhuka nikakuta mjukuu wangu ameota ndevu.

Basi Jumatano moja nimekaa viti vya wazee, mwisho wa behewa, namwona Mzee Pyo anapandia Wangsimni. Suti, tai, viatu vinamemeta. Na mikononi ana mawaridi mekundu, shada zima, limefungwa utepe.

Mzee wa rika lake hashiki maua. Akifiwa, mashada huletwa na gari. Mkewe akijifungua, anampelekea mwani wa supu, na hata huo anaubeba ndani ya gazeti. Mwanamume wa umri ule ukimwona na mawaridi mchana kweupe, ama akili zimemruka, ama ana mwanamke. Na Mzee Pyo akili zake zilikuwa timamu kuliko za behewa zima.

Alisimama njia nzima, ingawa viti vilikuwepo. Aliyashika maua mbali na kifua, kama mtu aliyebebeshwa mtoto aliyelowa. Akashuka Jamsil. Jumatano iliyofuata nikapanda saa ile ile, makusudi. Kaja tena, safari hii na maua meupe na ya manjano. Akashuka Jamsil tena.

Hayo mawili ndiyo niliyoyaona. Yaliyobaki niliyapika mwenyewe.

"Jamsil?" Bibi Gongju akaacha kumenya kitunguu pale barazani. Tunamwita hivyo kwa sababu katokea Gongju, na ana masikio ya popo. "Pale penye ziwa?"

"Pale pale."

"Kumpelekea nani?"

Hapo ndipo ningesema sijui. Neno dogo kama punje. Badala yake nikanywa chai yangu ya shayiri taratibu, nikafuta mdomo. "Ana kofia ya zambarau," nikasema.

Wakapigana mapajani kwa kicheko.

"Mjane huyo," Bibi Gongju akasema.

"Mjane wa daktari wa meno."

"Mzuri?"

"Kwa mbali ana miaka sitini. Kwa karibu sikuthubutu."

Mzee Cheon akatupa karata yake chini. "Kumbe mshauri wetu anashauri mengi."

Siku ile nilirudi nyumbani nikitembea kama msichana. Wiki ile mjane akapata mbwa mweupe. Wiki iliyofuata mbwa naye akapata kofia. Kisha wakapanda mashua ziwani, Mzee Pyo amekunja suruali hadi magotini, anapiga kasia huku mjane anamlisha chenza, kipande kimoja kimoja. Wazee waliokuwa hoi kitandani waliinuka wakaja barazani. Mmoja, naapa, alimtoroka muuguzi na chupa ya maji bado imemning'inia mkononi.

Nilisahau jambo moja tu. Nyumba yangu na ya Mama Eun-hui zina ukuta kati yazo, lakini midomo haina.

Jumanne moja jioni akaja kwangu akiburuta mguu, bakuli la viazi vya kuchemsha mkononi. Akaweka bakuli. Hakukaa.

"Mama Dong-cheol, dada yangu, kesho nipeleke Jamsil."

"Jamsil kuna nini, mwenzangu, na magoti hayo?"

"Kuna nini unajua wewe. Mimi nimesikia tu."

Nikaanza kumenya kiazi ambacho hakikuwa na haja ya kumenywa.

"Miaka arobaini na minane nampigia pasi," akasema. "Hajaniletea hata jani la figili. Nataka nimwone huyo anayeletewa waridi. Sitapigana naye, usiogope. Nataka kumtazama tu, nijue mimi nimepungukiwa nini."

Maneno yalikuwa pale pale, yamekaa kwenye ncha ya ulimi: nimetia chumvi, shoga, hakuna mjane. Nikayameza pamoja na kiazi. Nilijiambia kwamba maua yalikuwepo, kwa hiyo huenda na mwanamke yupo, huenda uongo wangu umeangukia juu ya kweli. Mwongo naye ana matumaini yake.

"Basi tutoke saa tatu," nikasema.

Asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa koti la harusi ya bintiye, joto lote lile, na amepaka midomo rangi. Rangi ilikuwa ya zamani, imekauka, imeshika vipande vipande. Kwenye lifti ya kituo aliniegemea. Alikuwa hajapanda reli tangu magoti yaharibike, na kwenye kilango cha tiketi alishikilia kadi yake ya wazee kama mtu anayekabidhi barua kwa mkuu wa wilaya.

Ndani ya treni alikaa wima, mikono juu ya kipochi. Baada ya vituo viwili akaniuliza, macho yako mbele, "Nimependeza?"

"Umependeza sana."

"Kuliko mwenye kofia?"

Nikajifanya nahesabu vituo kwa vidole. Mimi nilikuwa na umri wa miaka sabini na minane, nimezika mume na watoto wawili, na sikuwahi kutamani ardhi ipasuke kama nilivyotamani pale, nayo ardhi ilikuwa juu ya kichwa changu.

Jamsil tukakaa kwenye benchi la jukwaani, karibu na ngazi. Treni ya saa nne na nusu ikaingia. Milango ikafunguka, ule wa kioo wa jukwaani na ule wa chuma wa treni, na Mzee Pyo alikuwa amesimama pale mbele yetu kabisa, maua ya waridi kifuani. Mguu mmoja ulikuwa umeshatoka nje, ule unaong'aa. Akamwona mkewe.

Mguu ukarudi ndani.

Hakugeuka, hakujificha. Alitutazama tu kupitia kioo, mpaka treni ikamchukua.

"Amenikimbia," Mama Eun-hui akasema.

"Labda hakutuona."

"Ameniona. Mabega yale nimeyafulia nguo miaka yote, najua yanavyokaa yakificha jambo." Akainuka. Sikumsaidia, aliinuka mwenyewe. "Basi huyo mwanamke yuko juu anamngoja. Twende."

Wivu ni dawa ya magoti kuliko ile ya hospitali. Alinitangulia hadi kwenye lifti. Huko juu tukasimama upande wa ndani wa vilango vya tiketi, nyuma ya mashine ya soda, tukachungulia. Nje ya vilango watu walipita kama dagaa. Mmoja tu alikuwa amesimama: binti wa miaka ishirini na kitu, sare ya waridi ya kliniki, mikono kifuani, anatazama simu, anatazama ngazi, anatazama simu.

"Yule?" Mama Eun-hui akaninong'oneza. "Yule ni mtoto. Ni rika la mjukuu wetu."

"Siye."

"Mbona anaangalia ngazi kama anadai mume? Na kofia iko wapi?"

"Labda kaivua. Joto."

Mungu anisamehe. Hata pale nilikuwa bado natunga.

Kisha Mzee Pyo akaja. Alikuwa amepitiliza kituo kimoja, akavuka, akarudi kwa treni ya upande wa pili, na sasa alipanda ngazi mbio. Mzee wa miaka sabini na minne na tai shingoni, anakimbia. Koti lilikuwa limelowa mgongoni, na petali nyekundu zilimwanguka nyuma, moja moja. Hakutoka kwenye kilango. Alisimama ndani, akayapitisha maua juu ya kilango kwa mikono miwili.

"Babu, dakika ishirini," binti akasema. Hakupaza sauti, ila sauti yake ilikuwa ya kukata. "Nimesimama hapa kama nguzo. Daktari ananipigia, wageni wamefika, meza haina hata ua. Si tunawachukua ninyi wa reli kwa sababu eti hamkwami kwenye foleni?"

"Nisamehe, nimepitiliza kituo."

"Kila Jumatano unashuka hapa hapa. Leo umepitilizaje? Na tazama, yamevunjika haya." Akageuza shada. "Kazi ikikushinda si useme, wapewe wazee wenye macho?"

Mzee Pyo akainama. Si kwa kichwa, kwa kiuno kizima. Akanyooka, akaona binti bado hajaridhika, akainama tena, chini zaidi, mpaka tai ikaning'inia kama ulimi wa ng'ombe. "Nisamehe, binti. Haitatokea tena." Kisha akafungua mkoba wa ngozi, ule wa mshauri, akatoa kikasha cha plastiki. "Na haya meno ni ya kwenu pia. Kayatuma fundi."

Ndani ya mkoba niliviona: vifurushi, bahasha, boksi la keki limefungwa kamba. Na kwenye mshipi kadi ya kazi, imegeuzwa upande usio na picha.

Tunawajua sote matarishi wale. Ni wazee wanaobebeshwa vitu vya watu kutoka kituo hadi kituo kwa sababu wao reli hawalipi. Simu iliyosahauliwa nyumbani, sampuli za vitambaa, meno ya bandia. Tukiwaona tunasema, maskini, huyo watoto wake wako wapi. Mimi nimelisema neno hilo mara mia, na nikalisema kwa sauti wakalisikia.

Mama Eun-hui alikuwa ameshika ukingo wa mashine ya soda. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Nilidhani mna karatasi mle," akasema. "Kwenye mkoba."

"Shoga, mimi..."

"Geuka. Geuza uso ukutani. Hatujamwona."

Tukageukia ukuta, vibibi viwili, tukasoma tangazo la dawa ya mswaki ambalo mimi siwezi kulisoma. Viatu vilipita nyuma ya mashine, vikashuka ngazi. Ngozi nzuri haipigi kelele.

Kwenye treni ya kurudi nikamwambia yote. Kwamba hakuna mjane, hakuna kofia, hakuna mbwa. Kwamba niliona maua mara mbili tu.

"Hilo sasa nimelijua," akasema. "Kwa nini lakini?"

"Walikuwa wanacheka."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa vitunguu vimepanda bei. Kuna matusi ambayo ningependa kuyapata pale. Hakunipa hata moja.

Tulipokaribia Sindang akasema, "Utaendelea kusimulia."

"Nini?"

"Huyo wa kofia. Mbwa, mashua, vyote. Wakisikia ana mwanamke watamcheka, lakini watamcheka huku wanamwonea wivu. Wakisikia ni tarishi watamhurumia. Baba Eun-hui hawezi kuishi na huruma ya Mzee Cheon, itamuua kabla ya mwaka. Na Busan je? Mtoto atasema nini mbele ya wakwe?"

"Na wewe? Wewe watakusema nini?"

"Mimi ni mke aliyesalitiwa. Nina magoti mabovu tayari, huruma nimeshaizoea."

Jioni ile, aliniambia baadaye, alimpakulia mumewe supu, akamwambia, "Leo nimekwenda Jamsil na Mama Dong-cheol, kutazama ziwa. Joto kali. Hatukukutana na mtu tunayemjua." Mzee Pyo hakuinua macho. Alikula supu ile mpaka akakwangua bakuli, na si kawaida yake.

Nikasimulia, kwa kuamriwa. Hakuna aliyenifundisha kwamba uongo unaweza kuwa mchungu mdomoni. Mama Eun-hui alikaa pale pale barazani, anapepeta maharage, na mimi nasema mjane kanunua mwavuli, mjane anapika tambi, sauti yangu kama ya mtu anayetangaza maji yatakatwa. Mwanzoni walinong'ona kwa ajili yake. Baada ya siku chache hawakunong'ona tena. Bibi Gongju alikuwa akimpapasa goti. "Vumilia, mwenzetu. Wanaume wakizeeka hurudi utoto." Naye anajibu, "Ndiyo, dada," anaendelea kupepeta.

Ikaja karamu ya vuli. Kila mwaka, siku ile, mzee mmoja hukaa kichwani mwa meza, watoto wa mtaa wakamwinamia, naye ndiye hupewa kikombe cha kwanza. Miaka mitatu mfululizo alikuwa Mzee Pyo. Jumapili ya kabla yake Mzee Cheon akaita kikao, na kwa kuwa Jumapili Mzee Pyo hatoki, naye alikuwepo, amekaa pembeni karibu na mkewe.

"Tupange kiti," Mzee Cheon akasema. "Watoto watamwinamia nani mwaka huu? Mtu wa mawaridi?"

Watu wakacheka, wengine kwenye viganja.

"Mimi nasema wazi," Bibi Gongju akadakia. "Anayemvunjia mkewe heshima mchana kweupe, kiti kile asikikalie. Watoto watajifunza nini?"

Mzee Pyo akatazama uso mmoja hadi mwingine. "Mawaridi gani?"

"Usitutanie, Mzee Pyo," akasema Mzee Cheon. "Ya Jumatano. Ya Jamsil. Mtaa mzima unajua hata jina la mbwa."

Nikaona damu inamtoka usoni. Alikuwa ameelewa nusu: kwamba alionekana na maua, na kwamba kulikuwa na mwanamke asiyemjua. Na ili amwondoe yule mwanamke, ilimpasa aseme maua yalikuwa ya nani. Nilimwona anapima. Vidole vyake vina matundu ya zamani ya sindano, na alikuwa anavisugua kimoja baada ya kingine. Akamtazama mkewe aliyeinamisha kichwa, akaona rangi ya huzuni ambayo hakujua imetoka wapi. Nadhani hilo ndilo lililomshinda.

"Maua yale," akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "mimi kazi yangu..."

Mama Eun-hui akamshika mkono wa koti.

"Yalikuwa yangu," nikasema.

Wote wakanigeukia. Zamani wakinigeukia vile nilikuwa nanenepa.

"Mpwa wangu anafanya kazi kwenye kliniki ya meno Jamsil," nikasema. "Kazini kwake wanataka maua kila Jumatano. Nilimwomba Mzee Pyo, kwa kuwa anapita njia hiyo akienda kwenye ushauri wake, anipelekee. Amenipelekea, hajataka hata asante, na alikuwa akiona haya kuonekana nayo. Nami nikamlipa kwa kumtungia mjane."

Karata zikawekwa chini.

"Na kofia?" Bibi Gongju akauliza.

"Niliishona hapa hapa, mbele yako."

"Mbwa?"

"Hakuna mbwa."

"Na wewe kuzunguka reli mara saba?"

"Mara mbili."

"Lakini mbona ulimwacha huyu mama ahuzunike miezi miwili, yuko mbele ya macho yako?" Hakuwa anauliza tena, alikuwa anashangaa. "Nilimpapasa goti. Nilikuwa nampapasa goti kwa uongo wako."

Mzee Cheon akaniangalia kama mtu aliyekuta unywele kwenye wali. "Umetufanya tumle mwenzetu mzima mzima, mama."

Jibu nilikuwa nalo. Kwamba mimi nilipika, lakini vijiko vilikuwa vyao. Nikaliacha. Nikapiga magoti kwenye sakafu ile ya joto, paji la uso juu ya mikono, nikamwinamia Mzee Pyo, kisha Mama Eun-hui. Kwa mgongo wangu hiyo si kazi ndogo, ulilia kama lango la zizi, na hakuna aliyecheka.

Nilipoinua kichwa, Mzee Pyo alikuwa ananitazama. Yeye na mkewe peke yao ndio waliojua kwamba nimedanganya tena. Na kwa kuwa nimedanganya hivyo, akajua kwamba najua. Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja, kila mmoja anamwonea haya mwenzake.

"Inuka, Mama Dong-cheol," akasema hatimaye. "Sakafu ina moto."

Siku ya karamu alikaa kichwani mwa meza, watoto wakamwinamia mmoja mmoja, akapokea kikombe cha kwanza. Mama Eun-hui alikuwa kulia kwake, hakupaka rangi midomo. Mimi nilikuwa mlangoni nagawa supu.

Tangu hapo hakuna anayeningoja barazani. Nikiingia hawasogei, natafuta nafasi mwenyewe. Nikisema nje kuna mvua, kuna mtu atatoa mkono dirishani kwanza. Sasa Bibi Gongju ndiye anasimulia, na hajui: anaanzia mwisho, anarudi mwanzo, anasahau jina la mtu. Mimi nasikiliza, namenya vitunguu. Mara nyingine natamani kumsaidia kidogo, chumvi ya ncha ya kidole tu, halafu namwona Mama Eun-hui ameinua macho kutoka kwenye maharage, nanyamaza. Bado ananiletea viazi. Ila hakai.

Mwezi wa kumi na moja nilipanda reli kwenda upande wa Ukumbi wa Jiji. Nilikaa kule mwisho, viti vya wazee. Kituo kilichofuata mtu akaingia akakaa kando yangu, na nikaona viatu kabla ya kuona uso. Mapajani alikuwa na kifurushi, amekifunika kwa kitambaa cha mkono.

Hatukusalimiana. Vituo vitatu tulitazama mbele, kwenye kioo cheusi, mimi nikimwona yeye mle na yeye akiniona mimi.

"Unashukia wapi?" akauliza.

"Ukumbi wa Jiji."

"Basi usishukie mlango huu. Hapa utakutana na ngazi hamsini na nane." Alisema kwa sauti ya chini sana, midomo haikutembea. "Nenda behewa la pili kutoka mbele, mlango wa tatu. Lifti iko mbele yake, hatua nne."

Mtu hajui jambo kama hilo kwa kuwa mshauri. Alijua kwamba ninajua hivyo, na bado alinipa. Nilitaka kusema neno, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikulipata. Nikashika vyuma, nikaanza kutembea kuelekea mbele, behewa baada ya behewa, nikiwaomba watu njia, nikihesabu milango kwa kidole. Sikuthubutu kugeuka.

Lifti ilikuwa pale pale. Nilizihesabu hatua. Zilikuwa nne.